Bia ya Pipa na Leseni ya Mwenye Duka

Tuseme mtu ana duka dogo huko Kona Baridi, katika Kaunti ya Kajiado. Auza sukari, chumvi na sabuni. Faida ni haba, naye awaza kuweka pipa la bia, lile liitwalo kegi, auze kwa kikombe. Je, yaruhusiwa? Kabla ya kununua pipa, yampasa kujua mambo haya.

Kwanza, asili yake. Mwezi wa Novemba, 2000, watu zaidi ya mia moja walikufa Nairobi kwa kunywa pombe haramu yenye methanoli. Mwaka 2004 East African Breweries ilitoa bia ya Senator Keg, nayo Serikali ikaisamehe ushuru, ili mtu wa kipato kidogo apate kinywaji nafuu kisicho sumu. Mwaka 2013 msamaha ulipunguzwa hadi nusu, na bei ikapanda. Mei 2014 pombe haramu iliua watu wengi tena, Embu, Kiambu na kwingineko. Mwaka 2015 msamaha uliongezwa hadi asilimia 90. Kwa hiyo kuikataza kabisa bia hii kwaweza kuwarudisha wanywaji kwenye sumu.

Pili, mipaka yake. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 yataka kila muuzaji awe na leseni, na kwa Katiba ya mwaka huohuo kazi ya kutoa leseni ni ya kaunti. Mahali pa kuuzia pawe mita 300 au zaidi kutoka shuleni. Asiyetimiza miaka 18 asiuziwe. Sheria hiyo iliwekea baa saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi.

Hapo ndipo penye taabu ya duka. Baa yaweza kumzuia mtoto mlangoni. Duka haliwezi, kwa kuwa mtoto aliyetumwa chumvi ndiye mteja wake. Tena pipa la lita 50 ni vikombe 100 vya nusu lita, na likiisha kufunguliwa halikai siku nyingi. Mwenye duka atashawishika kuuza tangu asubuhi, bia isiharibike.

Basi, mwenye duka na aende kwanza katika ofisi ya leseni ya kaunti, aulize kama mahali pake pafaa. Akikataliwa, heri faida ndogo ya chumvi kuliko pipa mbele ya watoto wa jirani.