Nkambo Hajui Kusoma, Lakini Macho Anayo

*Mama, ninafundisha shule ya msingi hapa Kamina. Babu alituacha mwezi wa tatu. Matanga yalipokwisha, nkambo alitoa chini ya kitanda kopo la biskuti lenye barua 31. Babu alimwandikia kati ya 1958 na 1965, alipokuwa akifanya kazi Jadotville. Nkambo hakusoma, basi aliniomba nimsomee moja kila jioni. Ya kumi na mbili, ya Machi 1963, inamtaja mwanamke wa huko, na mtoto wa kiume waliyemzaa. Nilishikwa na bumbuwazi, nikasema wino umefifia. Tangu hapo kila ninapokutana na jina la yule mwanamke, naruka. Baba mdogo anataka tuzichome. Usingizi umenipotea. — Mjukuu, Kamina*

Mwanangu mwalimu, pole kwa msiba. (Wasomaji wa pwani wanisamehe: Katanga nkambo ndiye bibi wenu, na bibi ni mke.)

Tuanze na huo wino. Nkambo hajui kusoma, lakini macho anayo. Barua hizo amekaa nazo zaidi ya miaka 60; anajua ipi ina doa la mawese na ipi ilikunjwa mara nne. Uliposema wino umefifia, aliitazama karatasi, akaona mistari imejaa juu hadi chini, naye akakunyamazia. Katika nyumba hiyo, huenda anayedanganywa ni wewe.

Kuna swali hukuliandika: zamani nani alikuwa akimsomea? Barua ya wakati ule haikuwa siri ya watu wawili. Mume anaandika, au anamwomba anayejua kuandika. Karatasi inapanda treni, pengine mfukoni mwa mtu wa reli. Ikifika Kamina inatafutiwa msomaji, katekista au kijana wa shule. Babu yako alijua kwamba maneno yake yatatoka katika kinywa cha mtu mwingine, labda uani, majirani wakisikia. Mtu anayeficha mtoto hamtaji katika barua ya namna hiyo. Mimi naona hapo alikuwa anaungama.

Mwaka 1965, palepale Katanga, André Yav aliandika historia ya Elisabethville kwa niaba ya watumishi wa nyumbani wa zamani, kwa Kiswahili cha mji ule, jinsi kinavyosemwa. Ukiisoma kimya inakushinda, ukiitamka inafunguka. Naamini barua za babu yako ni za ukoo huohuo. Ziliandikiwa sikio.

Sasa, ama nkambo alisomewa habari ya mtoto tangu mwanzo, akaimeza, akaishi na mumewe miaka yote hiyo. Ama msomaji wake aliruka, kama unavyoruka wewe. Nalijua hilo la pili kwa sababu nimelifanya. Nikiwa na miaka kumi niliwasomea barua majirani zetu wasiojua kusoma, na palipokuwa na matusi au jina la mwanamke mwingine nilipita kama sijaona. Mama mmoja alinishika mkono akaniambia: “Rudi pale uliposhusha pumzi.” Alikuwa anasikiliza pumzi zangu kuliko maneno. Hebu fikiria nkambo anakusikiliza vipi.

Kabla hujamhukumu babu, zipange barua kwa tarehe. Umeniambia barua ya kumi na mbili ni ya Machi 1963, nawe hukusema chochote juu ya ile ya kumi na moja. Itazame. Sitashangaa ikiwa ni ya kabla ya Julai 1960. Tarehe 11 ya mwezi ule Katanga ilijitangaza nchi. Baluba wengi wa kaskazini, waliomfuata Jason Sendwe na chama chake cha Balubakat, walikataa, na vita vikakaa katikati ya babu na nyumba yake. Kwa Mluba aliyebaki kwenye miji ya migodi, maisha yalikuwa ya hofu: mwaka 1961 maelfu kwa maelfu walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa kule Elisabethville. Utengano ulikwisha Januari 1963. Miezi miwili baadaye mzee anashika kalamu, na habari ya kwanza kubwa anayompa mkewe ni mtoto. Simtetei, vita havizai mtoto peke yake. Lakini alikuwa na nafasi ya kunyamaza, hakunyamaza.

Kwa hiyo usiku wa leo, baba mdogo akiwa hayupo, mwambie nkambo: “Nilikudanganya, wino haujafifia. Kuna neno zito humu. Nilisome, nilisome nusu, au nikunje?” Atakalochagua lifuate. Akisema kunja, unakunja, na usimrudishie shauri hilo keshokutwa kwa mlango wa nyuma. Barua ni za aliyeandikiwa. Wewe ni mdomo aliouazima.

Kuhusu kuchoma, hapana. Namwelewa baba mdogo. Nadhani lupango, yaani kiwanja cha nyumba, ndilo linalomsumbua kuliko aibu. Basi ajue kwamba Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inamweka mtoto wa nje ya ndoa katika kundi la kwanza la warithi pamoja na wa ndani, mradi baba yake alimtambua kisheria akiwa hai. Kama kijana yule, ambaye leo ni mzee wa miaka 60 na kitu, alitambuliwa, moto hautafuta haki yake. Kama hakutambuliwa, hilo ni swali jingine. Vyovyote vile ni kazi ya wakili, na baada ya nkambo kusema lake. Msianze kumtafuta mtu Likasi, ndiyo Jadotville ya zamani, kwa simu za kikundi cha ukoo kabla mwenye barua hajajua mnamtafuta.

Halafu mambo madogo. Usizibandike barua kwa utepe wa gundi wala kuzifunika kwa plastiki ya moto. Zipige picha kwa mwanga wa dirisha, si juani. Stempu ziache mahali pake hata mtu akikuahidi fedha. Ukikuta stempu ya Kongo iliyogongwa neno KATANGA juu yake, hiyo ni ya wakati wa utengano, na ikiwa juu ya bahasha yake inakueleza kitu ambacho ikibanduliwa haitakueleza tena.

Jambo moja umenisahaulisha kwa huzuni yako, nami nimelikumbuka sasa hivi. Una barua 31 za babu. Za nkambo ziko wapi? Maana alijibu; alikaa mbele ya mtu mwenye kalamu akasema, na yale aliyoyasema yalipotelea Jadotville. Nenda na daftari. Kila barua ukimaliza kuisoma, muulize: “Ulimjibu nini?” Uandike, hata kama ni Kiluba kitupu.