Asante ya Mgeni wa Berlin Ianzie Kwenye Karatasi

Kila Oktoba, muhula wa baridi unapoanza katika vyuo vikuu vya Ujerumani, sebule za Waafrika Mashariki wa Berlin hujaa magodoro. Kuna binamu anayesubiri chumba cha hosteli, kuna mdogo wa shemeji aliyepata kazi ya hotelini, kuna nesi kutoka Kisumu au Arusha aliyekuja kuendelea na Kijerumani kabla vyeti vyake havijatambuliwa. Mkataba wa uhamiaji uliotiwa saini mjini humo Septemba 13, 2024, mbele ya Rais William Ruto na Kansela wa wakati huo, Olaf Scholz, umewapa vijana wengi wa Kenya matumaini ya safari hiyo. Wote huanza na swali lile lile: nitafikia kwa nani?

Wageni hao wamelelewa vizuri. Wanakuja na majani ya chai, dagaa na vitenge vya dada anayewapokea. Wanaosha vyombo bila kuambiwa, wanamshika mtoto, wanashukuru asubuhi na jioni. Wanakojikwaa ni kwenye karatasi. Nyumbani, anayepokea mgeni hutoa chakula, kitanda na nauli, na mgeni akiondoka hesabu imefungwa. Berlin, mwenyeji hutoa pia jina lake, na jina hilo hubaki kwenye mafaili ya serikali muda mrefu baada ya godoro kukunjwa. Anayetaka kumshukuru kwa dhati ajue kwanza mwenyeji huyo ametia saini nini.

Saini ya makazi

Sheria ya usajili wa wakazi, inayotumika tangu Novemba 1, 2015, inamtaka kila anayehamia Ujerumani aandikishe anwani yake ndani ya wiki mbili tangu aingie kwenye nyumba. Shughuli hiyo ni Anmeldung, na hata wanaozungumza Kiswahili hawana neno lingine: "Umeshafanya Anmeldung?" Bila hiyo namba ya kodi haiji, benki nyingi hazifungui akaunti, na kibali cha ukaazi hakisogei. Anayepuuza anaweza kutozwa faini ya hadi euro 1,000.

Mgeni hawezi kufika dirishani pa ofisi ya usajili na pasipoti na mkataba wa pango akadhani vinatosha. Anatakiwa kuwa na fomu ya Wohnungsgeberbestätigung, ambamo mtoa makazi anathibitisha kwa saini kwamba fulani amehamia anwani fulani, tarehe fulani. Kama dada ni mpangaji na mgeni amechukua chumba kimoja cha nyumba hiyo, dada ndiye mtoa makazi na saini ni yake. Wapo waliosubiri miadi kwa wiki kadhaa, wakafika, wakaambiwa mbele ya watu kwamba fomu haina tarehe ya kuhamia, kisha namba ya anayefuata ikaitwa. Mtu mzima mwenye shahada anatoka pale kama mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Inauma, na inaepukika. Fomu ijazwe mezani nyumbani, jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Miadi ichukuliwe katika ofisi yoyote ya huduma kwa wakazi, Bürgeramt, ya wilaya 12 za jiji, popote penye nafasi ya mapema. Uthibitisho wa miadi nao uhifadhiwe, kwa sababu unaonyesha kwamba mgeni hakukaa kimya.

Sasa yamfike mgeni yale ambayo dada hatayasema, maana mtu mzima hamwambii mgeni wake kwamba kumpokea kunamgharimu.

La kwanza ni mwenye nyumba, yule anayempangisha dada. Kumlaza mgeni siku kadhaa hakuhitaji ruhusa. Kumpa mtu chumba aishi kunahitaji, isipokuwa kwa watu wa ndani kabisa kama mume, mke au watoto. Mpangaji asiyeomba ruhusa anaweza kuandikiwa onyo, na onyo likipuuzwa mkataba wake huweza kuvunjwa. Katika jiji ambalo watu hutafuta nyumba kwa miezi, huo ni mzigo mkubwa kumtwisha mtu kwa ajili ya godoro. Siku ya kwanza, kabla hata ya kufungua begi la pili, mgeni aulize: mwenye nyumba anajua nipo?

La pili ni kodi ya mapato. Mama anayelea watoto peke yake hupunguziwa mapato yanayotozwa kodi kwa euro 4,260 kwa mwaka, na zaidi kidogo kwa kila mtoto wa ziada. Sharti ni kwamba asiwe anaendesha nyumba pamoja na mtu mzima mwingine. Mdogo wake akiandikishwa kwenye anwani ile, ofisi ya kodi hudhani kwamba wanachangia matumizi, na mama ndiye atakayelazimika kuonyesha vinginevyo. Wako dada waliowapokea ndugu zao kwa moyo mweupe, wakaona mshahara umepungua, wakanyamaza. Mgeni ambaye mwenyeji wake ni mama wa namna hiyo amuulize waziwazi, waende pamoja kwa mshauri wa kodi, na kama punguzo liko hatarini atafute chumba kwingine haraka.

La tatu ni mwenyeji anayepokea msaada wa Jobcenter, ofisi ya serikali inayowasaidia wasio na kazi au wenye kipato kidogo. Ofisi hiyo hugawanya pango kwa idadi ya vichwa vinavyoishi ndani ya nyumba. Kichwa kikiongezeka, fungu la mwenyeji hupungua, na asiporipoti hudaiwa kurudisha. Shukrani hapo ni kulipa fungu lako la pango tangu mwezi wa kwanza, kwa benki, ili kuwe na ushahidi.

Lipo na ombi ambalo halipaswi kutamkwa kabisa: "Niandikishe tu kwako, mimi nitalala kwa rafiki." Kutoa anwani kwa mtu asiyehamia humo ni kosa, na faini yake hufika hadi euro 50,000. Wanaouza anwani kwenye makundi ya simu wanajua hivyo na ndiyo maana hawatumii majina yao. Rafiki anayekataa ombi hilo asiitwe mchoyo wala Mzungu. Amekataa kwa haki.

Sanduku la barua

Majengo mengi ya Berlin hayana namba za vyumba. Mlangoni pana safu ya kengele zenye majina, na ndani ya korido pana masanduku ya barua yenye majina yale yale. Mpeleka barua hasomi kingine. Kama sanduku limeandikwa jina la dada peke yake, barua ya mgeni hurudishwa ilikotoka.

Barua ya kwanza kupotea hivyo ndiyo muhimu kuliko zote: ile ya namba ya kodi yenye tarakimu 11, inayokuja kwa posta baada ya Anmeldung. Bila namba hiyo mwajiri huweza kukata kodi kwa daraja la sita, lililo zito kuliko yote, na mshahara wa kwanza, ule ambao familia nzima inausubiri, hufika umekatwa vibaya. Ukanda wa karatasi wenye jina la ukoo, uliobandikwa kwa gundi ya uwazi chini ya jina la mwenyeji, unatosha. Ubandikwe jioni ile ile, kwa ruhusa yake.

Barua ya pili itadai ada ya redio na televisheni, Rundfunkbeitrag, euro 18.36 kwa mwezi. Wengi huitupa kwa kuwa hawana televisheni. Ada hiyo inatozwa kila nyumba, iwe na televisheni au isiwe nayo, lakini nyumba moja hulipa mara moja tu. Mgeni amwombe mwenyeji namba yake ya malipo, ajibu barua kwa namba hiyo, na amchangie nusu. Akiitupa, ataandikishwa peke yake na deni litakua.

Halafu ufunguo. Ufunguo mmoja wa Berlin mara nyingi hufungua lango la jengo, ghala la chini na mlango wa nyumba. Ukipotea, huenda vitasa vya jengo zima vikabadilishwa, na atakayedaiwa kwanza ni mpangaji aliyeupokea kwa saini. Bima ya madhara kwa wengine, Haftpflichtversicherung, haina bei kubwa, na nyingi hulipia funguo zilizopotea. Mgeni aichukue wiki ya kwanza na ahakikishe funguo zimetajwa. Ni zawadi bora kuliko manukato ya uwanja wa ndege.

Saini ya miaka mitano

Kuna mjomba au rafiki aliyekwenda mbali zaidi. Alikwenda ofisi ya uhamiaji na hati zake za mshahara, akalipa euro 29, akatia saini Verpflichtungserklärung. Kwa saini hiyo ameahidi kwamba serikali ikitumia fedha kumlisha, kumpa makazi, kumtibu au kumrudisha kwao mgeni huyo, atalipa yeye. Ahadi huweza kumbana kwa miaka mitano tangu mgeni alipoingia, na haifutiki kwa sababu tu mgeni amekubaliwa baadaye kuwa mkimbizi.

Hili si la nadharia. Wajerumani waliowadhamini Wasyria vita vilipopamba moto walipelekewa madai ya maelfu ya euro, na ni mwaka 2019 tu ndipo serikali ilipokubali kuachana na madai dhidi ya wengi wao. Hao walikuwa wenyeji wenye mawakili na lugha yao. Mlinzi wa usiku kutoka Tanga aliyemdhamini mpwa wake hana kinga hiyo.

Kwa hiyo mwenye mdhamini asikae siku hata moja bila bima ya afya. Mama akija kutembea, bima yake ya safari ambayo sheria inataka ifikie angalau euro 30,000 inunuliwe kwenye kampuni inayolipa hospitali kweli, na hati yake itumwe kwa mdhamini kabla ya ndege kuruka. Mgeni akiwaza kubadili aina ya kibali, au akiwaza kuomba msaada wa serikali, amwambie mdhamini kabla hajaenda dirishani. Kumwacha asome habari hizo kwenye barua ya madai ni fadhila ya punda.

Waliobaki nyumbani

Mwanafunzi asiye na mdhamini huweka fedha kwenye akaunti iliyofungwa, Sperrkonto. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka, na benki huachia euro 992 tu kila mwezi. Nyuma ya kiasi hicho kuna harambee, kuna mkopo wa SACCOS wa mama, kuna kiwanja cha baba kilichouzwa. Waliochanga wanaamini kijana ana mamilioni benki. Hawajui kwamba hawezi kuyagusa, na kwamba kwenye hizo 992 hutoka pango, bima ya afya, chakula na simu.

Awaeleze kabla ya kuondoka, kwenye kikao kile kile cha michango, kwa tarakimu. Kisha awaoneshe picha ya cheti cha usajili wa chuo, aseme ni lini ataanza kufanya kazi, na kwamba mwanafunzi anaruhusiwa siku 140 kamili kwa mwaka au 280 za nusu. Ahadi ndogo inayotimizwa kwa M-Pesa kila baada ya miezi mitatu inamheshimu mama kuliko ahadi kubwa ya Krismasi inayomfanya mwana azime simu.

 

Siku ya kuhama

Mgeni akipata chumba chake, asikimbilie kumkopa mwenyeji amana yote. Sheria inamruhusu mpangaji kuilipa kwa mafungu matatu ya kila mwezi, na haiwezi kuzidi pango la miezi mitatu bila gharama za ziada za nyumba. Ndani ya wiki mbili aandikishe anwani mpya. Usajili mpya unafuta wa zamani, na hapo dada anarudi kuwa peke yake kwenye daftari. Abadilishe anwani benki, kwenye bima na chuoni. Arudishe funguo zote mkononi, aandike tarehe, na apite kuuliza barua kwa miezi michache, kwa sababu deni la simu lisilolipwa litaendelea kugonga mlango wa aliyempokea.

Muda si mrefu, simu italia na mtu wa kwao atamuuliza kama anaweza kufikia kwake. Asome kwanza mkataba wake wa pango. Kama hawezi kumwandikisha mtu, aseme siku hiyo hiyo, kabla tiketi haijakatwa.