Hakuwa na Mtu



Somo letu ni Yohana 5:1-15, lakini naanza na kuungama. Kuna mama hapa kwetu Kanyangi, jina naliacha, ambaye mgongo umemuuma miaka tisa. Nilimwombea mara nyingi. Mara ya mwisho maumivu yalipokataa kuondoka, nilimuuliza, "Mwaitu, kuna dhambi umeficha?" Akanyamaza. Baadaye akaniambia, "Pasta, hospitali walisema sina ugonjwa kwa sababu picha haionyeshi kitu. Na wewe unasema sina imani. Sasa mimi niende wapi?"

Nikarudi kwa yule mgonjwa wa Bethzatha, miaka 38. Sisi wahubiri tunapenda kusema alikuwa mtu wa visingizio. Hebu soma mstari wa 7 polepole. Hakuwa na mtu wa kumtia majini, na kila akijikokota, mwenye nguvu alikuwa ameshamtangulia. Si ndiyo foleni yetu hii? Anayeweza kupanda boda boda alfajiri ndiye anayeonwa. Mwenye mgongo hawezi boda boda kwa hii barabara, akifika saa sita anapewa tembe za maumivu na kuambiwa arudi mwezi ujao.

Mtu atanionyesha mstari wa 14, kwamba dhambi imetajwa. Kweli, imetajwa. Lakini Yesu alisema hivyo baada ya kumponya, sio kabla. Na katika Yohana 9 wanafunzi walipotaka kujua nani alitenda dhambi, hakukubali swali lao.

Majirani zetu Uganda waliona shida hiyo ya kukosa mtu. Madaktari vijijini walikuwa wachache, basi mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi na maafisa wa kliniki waliosomea kazi hiyo kuandikia wagonjwa mofini, dawa ya maumivu makali. Nasi Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya matibabu. Haki hiyo ni ya mwaitu pia, picha ionyeshe isionyeshe.

Nilimwomba msamaha. Akacheka, akasema anataka kiti cha kuegemea badala ya benchi, na asiulizwe kwa nini hasimami wakati wa sifa. Kiti kimepatikana. Jumanne anaenda kliniki Kitui mjini. Tunatafuta mwenye gari, na dada mmoja wa kuingia naye kwa daktari, anayejua jinsi anavyolala sakafuni usiku. Mwenye nafasi anione baada ya ibada.