ELIMU YA AFYA: Kioo kinachochezacheza

Anayechambua dagaa usiku kwa koroboi iliyowekwa penye upepo anajua jambo moja. Ulimi wa moto ukichezacheza, macho huchoka upesi na kichwa huanza kugonga. Kioo cha kompyuta kinaweza kuleta taabu hiyo hiyo, na kwa watu wachache huleta kubwa zaidi. Siku hizi kompyuta na video si vitu vya mjini tu. Vimefika hata kwetu Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika. Basi leo tujifunze kwa nini kioo huchezacheza, na jinsi ya kukituliza.

Sababu zake

Kompyuta za zamani ni zile za chogo. Ndani yake mwali mwembamba huchora picha mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini. Mstari ukishachorwa huanza kufifia, kwa hiyo picha huchorwa upya tena na tena. Ikichorwa mara 60 kwa sekunde, watu wengi huiona inapepesa. Ikichorwa mara 75 hadi 85, wengi hawaoni tena kupepesa huko.

Kompyuta za kioo bapa huangazwa na taa iliyo nyuma ya kioo. Katika baadhi yake, ukipunguza mwanga, taa hiyo huwaka na kuzimika haraka mno. Jicho halioni waziwazi, lakini baadhi ya watu huumwa kichwa.

Jipime hivi: tikisa kalamu upesi mbele ya kioo katika chumba chenye giza kidogo. Ukiona kalamu nyingi zilizoachana kama vidole, mwanga unapepesa. Ukiona kivuli kimoja laini, umetulia.

Namna ya kukituliza

1. Kama ni kioo cha chogo, fungua mipangilio yake, tafuta penye namba 60, kisha chagua 75 au 85. Picha ikipotea, usiguse kitu. Subiri nusu dakika. Kwa kawaida kompyuta hurudi yenyewe kwenye namba ya mwanzo.

2. Kioo cha chogo kipunguzie ukali wa mwanga. Kioo bapa ni kinyume chake: kiongezee mwanga, kisha washa taa chumbani ili kisikuchome macho.

3. Kaza waya unaounganisha kompyuta na kioo. Spika na vitu vyenye sumaku viweke mbali na kioo cha chogo. Umeme wa jenereta ukipanda na kushuka, tumia stabilaiza.

4. Kaa umbali wa mkono ulionyooshwa. Kila baada ya dakika 20 tazama mbali, ziwani au milimani.

Kioo kinachopepesa hakipofushi. Lakini kama mwanga umetulia na kichwa bado kinauma, nenda ukapimwe macho. Huenda unahitaji miwani.

Mtoto akianguka mbele ya kioo

Kati ya watu 100 wenye kifafa, kama 3 hivi hushikwa wanapotazama mwanga unaowaka na kuzimika haraka. Wengi wao ni watoto na vijana. Tarehe 16 Desemba 1997 huko Japani, katuni moja ya televisheni ilionyesha rangi nyekundu na buluu zikipishana upesi. Watoto karibu 700 walipelekwa hospitali siku hiyo. Hawakurogwa, ni mwanga uliosumbua ubongo.

Kwa hiyo watoto wasikae chini ya kioo cha video. Wakae angalau mita 2 nyuma, na taa ya chumba iwe inawaka. Mwenye kifafa cha namna hii akijiona anaanza kubadilika, afunike jicho moja kwa kiganja na ageuze uso. Kufumba macho tu hakutoshi, maana mwanga hupenya kope.

Mtu akianguka, mwondolee vitu vya kumwumiza, hasa moto. Usimkandamize wala usimtie kitu mdomoni. Mtikisiko ukikoma, mlaze ubavu. Ukizidi dakika 5, mpelekeni kwenye matibabu haraka. Wala usiogope povu lake: kifafa hakiambukizi. Watoto wengi wameungua motoni kwa sababu waliokuwapo waliogopa kuwagusa. Kisha mpelekeni zahanati hata kama amezinduka. Dawa zipo, nazo hunywewa kila siku bila kukatishwa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kalamu inatuonyeshaje kwamba mwanga unapepesa?
2. Katika kibanda cha video cha kijiji chenu, watoto hukaa umbali gani na kioo? Nani atazungumza na mwenye kibanda?
3. Je, kijijini kwenu yuko mtoto mwenye kifafa asiyeguswa wala kupelekwa zahanati? Mtamsaidiaje wiki hii?