Mji wa Asiyejua: Kitendawili na Elimu Inayomzingatia Mtoto Mdogo

Utangulizi

Kwa muda mrefu sasa, wadau wa elimu nchini Kenya wamekuwa wakisisitiza kwamba mtoto ndiye kiini cha funzo. Kauli hii imo katika Mtaala wa Umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini katika madarasa ya chini mnamo Januari 2019, na mwanafunzi yeyote wa ualimu anaweza kuikariri bila kupepesa. Akiulizwa kauli yenyewe ilitoka wapi, atataja majina ya mbali: Rousseau na kitabu chake Émile cha mwaka wa 1762, Froebel aliyeanzisha shule za watoto wadogo huko Ujerumani katika miaka ya 1830, Montessori aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka wa 1907, na Dewey wa Marekani. Wote wanastahili kutajwa. Hata hivyo, makala haya hayakusudii kuwarudia. Yanakusudia kukichunguza kitendawili, utanzu ambao sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeuzoea kiasi cha kutouona tena.

Hoja yetu ni kwamba utaratibu wa kutega na kutegua vitendawili una kanuni thabiti kuhusu namna ya kumtendea mtoto asiyejua. Shule zetu zimeyachukua maneno ya kitendawili, zikaiacha kanuni hiyo nje ya lango.

Kanuni ya kuomba mji

Utaratibu wenyewe unafahamika. Mtegaji hutangulia kwa kusema, "Kitendawili!" Hadhira humjibu, "Tega!" Kisha mtegaji hulitoa fumbo lake, tuseme, "Nyumba yangu haina mlango." Hadhira hujaribu kulifumbua. Huyu atasema hiki, yule atasema kile, na mtegaji atakuwa akikataa hadi jibu lipatikane. Wakishindwa wote, mtegaji husema, "Nipeni mji." Wateguaji humpa Mombasa, Lamu, Kisumu au mji mwingine wowote wautakao. Asiporidhika na mji huo, huomba mwingine. Akiridhika, huupokea, pengine hujigamba kidogo jinsi alivyofika huko na kukaribishwa, halafu hulitoa jibu: yai.

Katika vitabu vingi vya fasihi simulizi hatua hii ya kuomba mji huelezwa kwa sentensi moja kama pambo la utanzu, au kama kichekesho cha kuichangamsha hadhira. Kwa maoni yetu, hapa ndipo ilipo falsafa nzima ya malezi. Tuzingatie yanayotendeka. Kwanza, asiyejua hafukuzwi mchezoni wala hazomewi kwa kushindwa. Amepewa njia rasmi ya kusema kuwa hajui. Pili, anapokiri hivyo hachukuliwi kuwa fukara. Anachukuliwa kuwa mtu mwenye miji, hata akaweza kuigawa. Tatu, mtegaji akishaupokea mji hana ruhusa ya kulificha jibu. Amelipwa, naye ana deni. Nne, zamu hubadilika. Mtoto aliyetoa mji sasa hivi anaweza kuwa mtegaji baadaye, na mtu mzima aliyeketi pembeni akalazimika kumpa yeye miji.

Linganisha utaratibu huu na adhabu iliyozoeleka katika shule nyingi za Kenya, ambapo mtoto aliyeteleza na kusema lugha ya mama alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho hadi amnase mwenzake. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza desturi hiyo katika kitabu chake cha mwaka wa 1986 kuhusu kuondoa ukoloni akilini. Ni mchezo pia, kwa namna fulani: una zamu, una kanuni, una mshindwa. Tofauti ni kwamba mshindwa wa kibao hubeba aibu yake mbele ya wote, ilhali mshindwa wa kitendawili hutoa zawadi na kufunzwa.

Jibu moja

Mpinzani wa hoja yetu anaweza kusema kwamba kitendawili hakimpi mtoto uhuru wowote, kwa kuwa jibu lake limekwisha kuwekwa na jamii. Yai ni yai. Mtoto hukariri tu. Pingamizi hili lina uzito, na hatuwezi kulipuuza kwa kusema kwamba fasihi simulizi ni hazina ya wahenga. Ni kweli kwamba mtegaji hulitambua jibu moja. Lakini majaribio ya kutegua ni hatua ya utanzu wenyewe, wala si kelele za pembeni. Mtoto anayesema "boga" amefanya kazi kubwa: amekubali kwamba nyumba si nyumba, ametafuta kitu kilichofumbwa pande zote, akakipata. Wenzake wamesikia hatua zake. Anayefuata ataanzia pale alipokomea huyu. Jibu ni moja. Njia za kuliendea ni nyingi, na zinapitwa kwa sauti, mbele ya watu.

Sasa tutazame kilichotokea kitendawili kilipoingia katika mtihani. Katika karatasi za lugha za KCPE, mtihani uliofanywa kuanzia 1985 hadi ulipofikia kikomo mwaka wa 2023, mtahiniwa aliweza kupewa kitendawili pamoja na majibu manne ya kuchagua. Hapakuwa na mtegaji, hapakuwa na majaribio, wala mji. Aliyefikiri "boga" na aliyetia alama bila kufikiri lolote walipata sufuri ileile. Walimu nao, ambao hatuwezi kuwalaumu kwa kufundisha kile kitakachotahiniwa, waliwapa watoto orodha ndefu za vitendawili na majibu yake, wazikariri kama wanavyokariri viwakilishi. Utanzu wa mazungumzo ukageuka kuwa zoezi la msamiati. Mtihani umeondoka, lakini orodha hizo zingali madaftarini.

Kosa lenye kanuni

Kanuni ya mji inatudai tuyasikilize majaribio ya mtoto kabla ya kuyakataa. Hakuna mahali dai hili linapotugusa sisi walimu wa Kiswahili zaidi ya katika upatanisho wa kisarufi. Mtoto wa Nairobi husema "kitabu yangu", "viti zangu", "mti yetu". Mwalimu husikia uzembe. Tuchunguze zaidi. Mtoto huyu hasemi "watu zimekuja". Husema "watu wamekuja". Katika mazungumzo yake, viumbe wenye uhai huchukua upatanisho wa A-WA, navyo visivyo na uhai vikakusanywa pamoja chini ya I-ZI. Umoja na wingi anaujua, kwani ameutofautisha "yangu" na "zangu", na hata nomino yenyewe ameibadilisha kutoka "kiti" hadi "viti". Ana ngeli mbili pale ambapo kitabu chetu kina zaidi ya kumi, na anazitumia kwa uthabiti unaoshangaza. Amejifunza sawasawa Kiswahili alichokisikia mtaani.

Mfano wa "baba wangu" unachekesha zaidi. Mtoto huambiwa amekosa, aseme "baba yangu". Lakini ni mwalimu huyohuyo aliyemfunza kwamba baba ni kiumbe, naye yumo katika ngeli ya A-WA: baba mzuri, baba amekuja. Mtoto ameitumia kanuni hiyo hadi mwisho. Aliyeiacha njiani ni lugha sanifu, ambayo katika vimilikishi vya nomino kama baba, rafiki na ndugu imebaki na umbo la I-ZI. Mwalimu anayejua jambo hili hatamkemea mtoto, pengine atatabasamu.

Kamil Ud Deen, katika kitabu chake cha mwaka wa 2005 kuhusu jinsi watoto wanavyopata Kiswahili, alichunguza usemi wa watoto wadogo wa Nairobi, akaonyesha kwamba vitenzi vyao hutokea mara nyingi bila kiambishi cha nafsi au cha njeo. Alionyesha pia kwamba udondoshaji huo una mpangilio, na kwamba watu wazima wa mji huo nao huangusha kiambishi cha nafsi katika maongezi ya kawaida. Kwa hiyo mtoto anayesema "mekuja" badala ya "amekuja" hajabuni kosa lake peke yake.

Zaidi ya hayo, darasa moja huwa na watoto wa aina nyingi. Mtoto wa Mombasa amekulia katika upatanisho kamili. Mwenye Gĩkũyũ au Kikamba nyumbani ana ngeli za kwao, nazo humsaidia na kumpotosha kwa zamu. Mwenye Dholuo anatoka katika lugha isiyo na mfumo wa ngeli kama huu, na kwake suala zima la kiambishi kinachomfuata nomino kila aendako ni jambo geni. Kuwasahihisha wote kwa sauti ileile na wakati uleule ni kudhani kwamba wametoka mahali pamoja.

Sera na lugha ya mtoto

Historia yetu ina kinaya ambacho hakijadiliwi vya kutosha. Mbinu za kumshughulisha mtoto kwa vitendo zilienezwa nchini kwa nguvu kupitia mpango uliojulikana kama Mkabala Mpya wa Msingi, ulioanza kwa majaribio katika shule za Waasia jijini Nairobi mnamo 1957. Watoto waliketi kwa vikundi, wakashika vitu, wakacheza. Lakini mpango huohuo ulikuwa na Kiingereza kama lugha ya kufundishia tangu siku ya kwanza, na Tume ya Ominde ya mwaka wa 1964 ikaunga mkono mwelekeo huo wa lugha. Mtoto akapewa uhuru wa mikono, akanyang'anywa ulimi. Ilibidi kungoja Ripoti ya Gachathi ya 1976 ndipo lugha ya eneo la shule ipendekezwe kwa miaka mitatu ya kwanza. Pendekezo hilo limerudiwa katika sera zilizofuata, na limekiukwa kila siku na shule nyingi, hasa za mijini, ambako wazazi huona Kiingereza ndicho wanachokilipia.

Si lazima mambo yawe hivyo. Katika pwani, mpango wa shule za awali za madrasa ulioanza Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, kisha ukaenea Zanzibar na Uganda, ulichanganya kujifunza kwa vitendo na dini na utamaduni wa jamii husika. Walimu wake walikuwa wanawake wa mitaa hiyohiyo, na vifaa vyao vingi viliokotwa au kutengenezwa papo hapo.

Darasani

Kipindi cha madarasa ya chini ni dakika 30. Katika shule nyingi za umma watoto ni 60 au zaidi. Mwalimu akisema kwamba hana nafasi ya kumsikiliza kila mmoja, hasingizii. Ndiyo maana mpango wa Tusome, ulioenezwa nchini kote mwaka wa 2015 baada ya majaribio yaliyoanza 2011, ulimpa mwalimu mwongozo ulioandikwa hatua kwa hatua: aonyeshe, wafanye pamoja naye, kisha watoto wafanye wenyewe. Wapo wanaouona mwongozo kama huo kuwa adui wa elimu inayomzingatia mtoto. Hatukubaliani nao kikamilifu. Mtoto ambaye hajapewa kitabu mkononi mwake hana cha kuheshimiwa nacho katika somo la kusoma, na Tusome ilimpa kitabu. Upungufu tunaouona ni mwingine: mwongozo humwambia mwalimu la kusema, lakini haumwambii la kufanya mtoto anapojibu jambo lisilotarajiwa. Hapo ndipo kanuni ya mji ingefaa kuandikwa.

Kwa vitendo, hili halihitaji fedha. Kitendawili kimoja kwa kipindi kinatosha. Kila jaribio lifuatwe na swali fupi, "Umeonaje?", na baada ya majaribio matatu au manne mwalimu aombe mji, apewe, alipe deni lake. Siku nyingine watoto watege na mwalimu atoe miji. Wao watapenda sana siku hiyo. Katika upatanisho, mtoto akisema "kitabu yangu imepotea", mwalimu aujibu kwanza ujumbe: "Kitabu chako kimepotea? Ulikiacha wapi?" Umbo sanifu limesikika mara tatu katika maneno matano, na mtoto hajanyamazishwa.

Kwa wanachama wa chama chetu wanaotafuta mada za utafiti nyanjani, liko pengo la wazi. Mikusanyo mingi ya vitendawili tuliyo nayo hutoa fumbo na jibu pekee, hivyo majaribio ya wateguaji hupotea. Tunahitaji rekodi za vikao vizima vya watoto, pamoja na majibu yaliyokataliwa, sababu walizozitoa, miji waliyoitaja, na vitendawili wanavyovitunga wao wenyewe kuhusu simu na bodaboda. Anayekwenda kurekodi na awashe kinasa sauti kabla ya "Kitendawili!" ya kwanza, wala asikizime hadi watoto watakapochoka.