Tukikodi Gari, Twende Wapi? Somo la Kupanga Ziara
Na Katibu wa Kamati ya Ziara, Kidato cha 3

Msomaji mpenzi, wahenga walinena kwamba mipango si matumizi. Walisema kweli. Lakini mimi nitaongeza kwamba matumizi bila mipango nayo ni kama kuchota maji kwa tenga. Katika makala haya nataka kukufunza jinsi ya kupanga ziara ya kutwa kwa gari la kukodi katika sehemu za mashambani, na mfano wangu utakuwa ziara ambayo chama chetu cha Kiswahili kimeipanga kutoka hapa Mbita hadi Thimlich Ohinga. Ukiwa na chama cha muziki, cha wakulima au hata familia inayokwenda arusi ya jamaa, somo ni lile lile.

Wengi wetu tukisikia neno ziara tunaanza kutaja mahali. Huyu atasema Rusinga, yule Mfangano, mwingine Ruma. Hiyo ni kuanzia mwisho. Ziara ya gari la kukodi huanzia kwenye mambo matatu: saa za mwangaza, idadi ya viti na mfuko. Mahali pa kwenda hutoka humo, kama vile jibu la hesabu linavyotoka katika njia.

1. Saa za mwangaza

Sisi tunaoishi karibu na ikweta tuna mchana wa saa kama 12 mwaka mzima. Japani, wanakotoka wale wanaotengeneza matatu zetu nyingi, mchana wa Disemba ni mfupi sana, na Tokyo jua hutua kama saa 10 na nusu jioni. Msafiri wa kule akikodi gari aende vijijini wakati wa baridi hana budi kutazama kalenda kwanza. Sisi hatuna taabu hiyo. Hata hivyo saa zetu 12 si zote za kusafiri.

Nieleze. Shule yetu ni ya kutwa. Kwa shule ya bweni ziara inaisha gari linapoingia langoni, wanafunzi wanakwenda kula na kulala. Kwetu sisi langoni ndipo safari nyingine inapoanza, ya miguu. Kuna wenzetu wanaovuka daraja kwenda Rusinga na kutembea mbali zaidi ya hapo, na wengine hupanda kilima. Basi tulikubaliana kwamba ziara yetu haitahesabiwa kuwa imekwisha mpaka mwanafunzi wa mwisho afike kwao jua halijatua. Kwa hivyo gari lazima liwe limerudi Mbita saa 11 jioni, hata kama wengine wanaona bado ni mapema.

Kutoka hapo tulihesabu kurudi nyuma. Kutoka Thimlich hadi Mbita tulikadiria saa 3, kwa sababu sehemu ya njia ni ya vumbi. Basi tuondoke huko saa 8 mchana. Kula na kupumzika saa 1. Kutembezwa na kuandika maelezo saa 3. Ina maana tufike saa 4 asubuhi, na tuondoke Mbita saa 1 kamili. Hebu ona: bila kutaja starehe yoyote, siku nzima imejaa.

2. Mahali tulipopaacha, na sababu

Kupanga ni kuchagua, na kuchagua ni kuacha. Orodha yetu ya kwanza ilikuwa na mahali 4.

Mfangano kuna michoro ya kale kwenye miamba, ambayo inasemekana ilichorwa na Watwa, na kuna jumba la makumbusho la Waabasuba. Ni pazuri mno. Lakini kwenda huko ni kupanda boti, na gari la kukodi litakuwa limeegeshwa ufuoni likitulia pesa bure. Tukapaacha. Pale ni pa ziara ya boti, yenye jaketi la kujiokolea kwa kila mmoja.

Ruma, katika bonde la Lambwe, ni mbuga ya taifa ya kilomita za mraba 120, na ndipo mahali pa pekee nchini Kenya unapoweza kumwona korongo porini. Ilikuwa hifadhi mwaka wa 1966 na ikawa mbuga ya taifa mwaka wa 1983. Mambo matatu yalituzuia. Kwanza, udongo wake mweusi mvua ikinyesha hunasa magurudumu ya matatu ya kawaida. Pili, ili umwone mnyama unahitaji saa nyingi, na sisi saa hatuna. Tatu, kuna mbung'o. Wataalamu wamegundua kwamba mbung'o huvutiwa na rangi ya buluu na nyeusi, na ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Sasa ukitazama sweta letu la shule utaelewa kwa nini wanachama walicheka sana mkutanoni.

Rusinga ni jirani. Huko ndiko alikozikwa Tom Mboya, aliyezaliwa mwaka wa 1930 na kuuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Ndiko pia Mary Leakey alikopata fuvu la Proconsul mwaka wa 1948, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita. Rusinga hatukupaacha kwa ubaya. Tulisema ni karibu, twaweza kwenda Jumamosi yoyote, gari moja likifanya mizunguko miwili. Shule yenye mfuko mwembamba ianzie na mahali pa jirani kama hapo.

Ikabaki Thimlich Ohinga, katika kaunti ya Migori. Ni boma la mawe lililojengwa bila saruji wala udongo wa kushikanisha, yapata karne ya 16. Kuta zake zina urefu wa kati ya mita 1.5 na 4.5 kwenda juu, na milango yake ni mifupi makusudi, ili adui aingie ameinama. Mwaka wa 2018 shirika la UNESCO liliitia katika orodha ya Turathi za Ulimwengu. Watu hutoka ng'ambo kuja kuiona, nasi tulio karibu wengi wetu tunaijua kwa jina tu. Kwa chama cha lugha kuna faida nyingine: kila aliyekwenda atatakiwa kueleza kwa Kiswahili sanifu jinsi ukuta unavyosimama bila saruji. Jaribu uone kama ni rahisi.

3. Gari na dereva

Katika nchi nyingi anayekodi gari hupewa ufunguo akaendesha mwenyewe, na hulirudisha likiwa na mafuta kama alivyolikuta. Huku kwetu kwa kawaida gari hukodiwa pamoja na dereva wake. Basi kuna mambo ya kuulizana kabla ya kutoa arbuni, na ni afadhali yaandikwe:

(a) Bei ni ya siku au ya kilomita? 
(b) Mafuta ni ya nani, na mshale wa tangi uko wapi asubuhi? 
(c) Chakula cha dereva ni juu ya nani? 
(d) Gari likiharibika njiani, nani atatafuta jingine? 
(e) Tukiahirisha kwa ajili ya mvua, arbuni yetu itakuwaje?

Halafu mlitazame gari lenyewe, na si rangi yake na muziki wake. Tazameni tairi zote 4 na gurudumu la akiba, jeki na spana zake, breki, taa, na mkanda katika kila kiti. Tazameni tarehe ya stika ya bima na ya ukaguzi. Mwombeni dereva leseni yake kwa adabu. Dereva mzee tuliyezungumza naye hakukasirika hata kidogo. Alisema, "Wanangu, anayeniuliza leseni ndiye ninayempenda, maana najua hata njiani hataniambia nikimbize."

Na jambo la njia: ulizeni watu wanaopita huko kila wiki. Kutoka Mbita hadi Homa Bay ni lami. Kutoka Homa Bay mnapitia Rodi Kopany na Ndhiwa, kisha mnaiacha lami. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, tuliifuta kabisa katika kalenda yetu.

4. Mfuko

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tubishane mikutano miwili mizima. Hesabu ninayoiweka hapa ni ya mfano, kwa sababu bei ya petroli hutangazwa upya kila tarehe 14 ya mwezi na mamlaka ya kawi na petroli. Mhasibu wa chama asiyejua tarehe hiyo atajuta.

Kwenda na kurudi tulikadiria kilomita 200, tukaongeza 25 za kuulizia njia. Dereva alitwambia gari lake hutumia lita 1 kwa kilomita 9. Kwa hivyo 225 gawanya kwa 9 ni lita 25. Lita ikiwa shilingi 180, mafuta ni shilingi 4,500. Gari na dereva ni 6,500. Kiingilio na wa kututembeza, tutenge 1,000. Akiba ya dharura, 1,000. Jumla ni shilingi 13,000. Chakula kila mtu abebe chake.

Matatu ina viti 14 vya abiria. Mwalimu mlezi achukue kimoja, tubaki wanafunzi 13. Kila mmoja basi ni shilingi 1,000.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Chama kina wanachama 26, na elfu moja si pesa ya kuokota. Mwenzetu mmoja akasimama akasema, "Kwani tuko wanene? Tuingie 20, mtu alipe 650, na wengi waende." Wengi walipiga makofi. Kusema kweli hoja yake ilikuwa na huruma ndani yake, kwa sababu alikuwa akiwatetea wasio na kitu.

Mimi nilipinga, na sababu zangu ni hizi. Mwaka wa 2004 zilianza kutekelezwa sheria ambazo wananchi walizibandika jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, John Michuki. Zilidai mkanda kwa kila abiria, mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, na viti visivyozidishwa. Sheria hizo hazikuletwa kwa ajili ya kutusumbua bali kwa sababu watu walikuwa wakifa barabarani. Bima nayo huandikwa kwa idadi ya viti. Tukiingia 20, wale wa ziada hawana mkanda wala bima. Tofauti ya 1,000 na 650 ni 350. Basi nikauliza mkutano: ni mzazi gani hapa Mbita tutakayemwendea tumwambie kwamba usalama wa mtoto wake tuliuuza shilingi 350?

Kimya kilitanda. Lakini kukataa tu hakutoshi, msomaji. Ukimnyima mtu njia mbaya, mwonyeshe njia nzuri. Basi tukakata maneno hivi:

Kwanza, ziara zitakuwa mbili, za watu 13 kila moja, katika mihula miwili tofauti. Hesabu ya 26 inakamilika na hakuna anayekaa juu ya mwenzake.

Pili, malipo ni shilingi 100 kwa wiki kwa wiki 10, na mhasibu anaandika daftarini mbele ya aliyelipa.

Tatu, na hili ndilo ninalojivunia, hatutafuata ule mtindo wa "aliyelipa kwanza ndiye anayekwenda kwanza." Mtindo huo huwapeleka wenye pesa na kuwaacha wale wale wanaoachwa kila siku. Majina yote 26 yatatiwa katika kofia na kupigiwa kura. Atakayeangukia ziara ya pili atapata muda zaidi wa kulipa.

Nne, wa ziara ya kwanza wataandika ripoti kwa Kiswahili: njia ilichukua muda gani, mafuta yalikwenda lita ngapi, nini kilisahauliwa. Wa ziara ya pili wataisoma kabla ya kukodi gari.

Kwa kifupi, msomaji, ukitaka kupanga ziara usianze na ramani ya mahali pazuri. Anza na aliye mbali zaidi na lango, uhakikishe atafika kwao mapema. Kisha mtazame aliye na senti chache zaidi, uhakikishe hatapoteza kiti kwa sababu hiyo. Wakishapata nafasi hao wawili, waliobaki wote wamepata.

Msamiati

Arbuni: pesa zinazotangulia kulipwa ili kitu kisichukuliwe na mwingine.
Gurudumu la akiba: lile tunaloliita spea.
Korongo: swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma. Neno hili pia ni jina la ndege na la bonde lililochimbwa na maji.
Turathi: mambo yaliyorithiwa kutoka kwa waliotutangulia.

Maswali ya Mjadala

1. Gari likitumia lita 1 kwa kilomita 8 badala ya 9, na bei ya lita ibaki shilingi 180, kila mwanafunzi kati ya 13 ataongeza takriban shilingi ngapi?
2. "Aliyelipa kwanza ndiye wa kwanza." Jadili faida na hasara za mtindo huu katika chama cha wanafunzi.
3. Panga ziara ya nusu siku kisiwani Rusinga kwa wanafunzi 26 na matatu moja. Onyesha saa ya kila mzunguko.
4. Eleza kwa sentensi tano jinsi ukuta wa mawe unavyoweza kusimama bila saruji.