Dondoo Muhimu: Kuhamisha Diski za Seva ya Nyumbani

Ewe mwenye seva nyumbani, uwe Kitale au Bungoma, ambako radi za alasiri huandamana na mvua za masika, yahifadhi haya kabla hujazitia diski zako katika kasha la nje:

1. Nakili data yote mahali pengine kwanza; majuto ni mjukuu.
2. Zima seva, chomoa waya, nawe usiziguse diski mpaka zitulie kabisa.
3. Bandika namba juu ya kila diski, zisije zikachanganyika.
4. Diski ya inchi 3.5 yahitaji volti 12. Usitegemee umeme wa USB pekee.
5. Ukiulizwa na kompyuta kama diski ifomatiwe, kataa.
6. Ngurumo zikianza, zima na uchomoe.

Kasha si nakala: diski ikifa, hufa na amana zake.